Bastola Chini ya Koti: Sheria Ikikusamehe Mafunzo, Je, Dini Nayo Imekusamehe?



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam), pamoja na ahli zake na Maswahaba zake wote.

Ndugu zetu Waislamu, hivi karibuni mama mmoja wa Pemba alituletea swali. Mwanawe anaishi Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani. Ana karatasi za ukaazi wa kudumu, ana mke na watoto wawili wadogo, na anafanya kazi za usiku katika kituo cha mafuta. Duka lililo karibu na kazini kwake liliingiwa na majambazi wenye silaha. Baada ya hapo kijana akampigia simu mama yake na kumwambia kuwa amenunua bastola, na kwamba kila usiku huivaa kiunoni chini ya koti. Mama akamuuliza: “Umejifunza wapi kuitumia, mwanangu?” Kijana akajibu: “Mama, huku haisomewi tena. Sheria imeondoa.”

Mama anatuuliza: je, jambo hili linafaa?

Tumeona tulijibu hadharani, kwa sababu familia nyingi za visiwani zina watoto, ndugu na wajukuu Marekani. Huku kwetu raia mwenye bastola ni mtu adimu, na wengi wetu hatujui lolote kuhusu jambo hili. Kwanza tutaeleza hali ya sheria ilivyo, kisha hoja za wanaobishana, kisha tutatazama dini yetu inasemaje.

Kijana amesema kweli kuhusu sheria

Haki ya raia wa Marekani kumiliki silaha imo ndani ya Katiba yao, katika marekebisho ya pili yaliyopitishwa mwaka 1791. Lakini utaratibu wa kubeba bastola iliyofichwa barabarani kila jimbo limejipangia lenyewe, na ndiyo maana sheria zinatofautiana sana.

Kwa miaka mingi majimbo mengi yalimtaka mtu achukue kibali kwanza, na kibali hakikutoka mpaka ahudhurie darasa. Katika miaka ya karibuni masharti hayo yamekuwa yakiondolewa jimbo baada ya jimbo. Mfano mzuri ni Texas. Vibali vilipoanza kutolewa huko katika miaka ya 1990, mwombaji alitakiwa asome saa 10 hadi 15. Mwaka 2013 saa zikapunguzwa zikawa 4 hadi 6. Tarehe 1 Septemba 2021 ikaanza sheria inayomruhusu mtu mzima asiye na pingamizi la kisheria kubeba bastola bila kibali na bila darasa. Ohio ilifuata tarehe 13 Juni 2022, ambapo kabla ya hapo darasa lilikuwa la saa 8. Florida ikafuata Julai 2023, na Louisiana Julai 2024. Leo majimbo 29 kati ya 50 yako katika mkondo huo. Vermont haikuwahi kuwa na sharti la kibali tangu zamani.

Majimbo mengine yamekwenda upande wa pili. Illinois inataka saa 16 za mafunzo, na mwombaji apige risasi 30 kwenye shabaha na asilimia 70 ziingie. New York tangu mwaka 2022 inataka saa 16 za darasani na saa 2 za kupiga risasi kwa vitendo. California nayo imepandisha kiwango chake hadi saa 16 kuanzia Januari 2024.

Katikati ya mvutano huu ikaja hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya tarehe 23 Juni 2022. Majaji 6 dhidi ya 3 waliifuta sheria ya New York iliyomtaka mwombaji athibitishe kuwa ana sababu ya kipekee ya kuhitaji bastola. Wengi walidhani hukumu ile imefuta kila sharti. Sivyo. Mahakama ilieleza kuwa haikukusudia kubatilisha utaratibu wa majimbo yanayotoa kibali kwa kila aliyetimiza masharti ya wazi, kama vile kuchunguzwa rekodi yake na kupita mafunzo. Ila iliacha mlango wazi kwa mtu kulalamika iwapo ada itakuwa kubwa mno au muda wa kusubiri utarefushwa mpaka mtu wa kawaida ashindwe kuipata haki yake.

Kwa hiyo kijana wa Columbus hakumdanganya mama yake. Sheria ya jimbo lake haimlazimishi kusoma.

Hoja za wanaopinga mafunzo ya lazima

Uadilifu unatutaka tuzisikilize pande zote mbili kabla ya kusema chochote.

Wanaopinga sharti la mafunzo wanasema: haki haiombewi ruhusa. Hakuna anayetakiwa kufanya mtihani ili aruhusiwe kusali au kusema maoni yake, basi kwa nini afanye mtihani ili ajilinde? Wanasema pia kuwa darasa lina gharama. Mwenye kazi mbili na watoto nyumbani atazitoa wapi siku mbili za kusoma, pesa za ada, za risasi na za picha? Mwishowe tajiri ataipata bastola kwa sheria, na masikini anayeishi kwenye mtaa wenye ujambazi zaidi atabaki mikono mitupu, au atabeba kinyume cha sheria na kuishia jela.

Hoja hii ina uzito, hasa kwa watu weusi. Mwaka 1956 nyumba ya Martin Luther King huko Montgomery, Alabama, iliripuliwa kwa bomu. Akaomba kibali cha kubeba bastola, akanyimwa. Hakuna mwenye akili atakayesema kuwa mtu yule hakuwa na sababu ya kuogopa. Aliyekuwa na mamlaka ya kutoa kibali aliitazama rangi yake. Kwa hiyo anayesema kuwa masharti yanaweza kugeuzwa kuwa ukuta wa kuwazuia wanyonge hasemi uzushi. Jambo hilo limewahi kutokea.

Hoja za wanaotaka mafunzo yabaki

Upande wa pili unasema: bastola ni chombo cha kuua, na risasi ikishatoka hairudi. Haiulizi kama aliyesimama nyuma ya jambazi ni mteja, mtoto au mama mjamzito. Dereva hupewa leseni baada ya kufundishwa na kupimwa, na hakuna anayelalamika kuwa amedhulumiwa haki yake ya kusafiri. Ohio ilipokuwa ikijadili sheria yake, miongoni mwa waliopinga kuondolewa kwa mafunzo ni chama cha askari polisi wa jimbo hilo. Hao ndio wanaomsimamisha dereva usiku bila kujua kiunoni kwake kuna nini.

Wanaongeza kuwa darasa halifundishi kulenga shabaha tu. Humfundisha mtu sheria, na sheria za silaha za Marekani zina mitego mingi kwa mgeni. Tutataja michache, kwa sababu inawahusu jamaa zetu moja kwa moja.

Kwanza, aliyeingia Marekani kwa viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi kabisa na sheria ya shirikisho kumiliki bunduki wala risasi, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria hiyo. Asiye na karatasi halali naye hivyo hivyo. Sheria ya Ohio haimsaidii kitu. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa, lakini akipatikana na hatia ya kosa la silaha anaweza kurudishwa alikotoka, hata akiwa ameacha mke na watoto huko.

Pili, sheria ya shirikisho inakataza kuwa na bunduki ndani ya futi 1,000 kutoka skuli, kiasi cha mita 300, na inamsamehe aliyepewa leseni na jimbo husika. Anayebeba bila leseni kwa kutegemea ruhusa ya jimbo hana kinga hiyo. Na katika mji mkubwa, ni barabara ngapi zisizopita karibu na skuli?

Tatu, ruhusa ya jimbo moja si lazima ivuke mpaka. New York haitambui kibali cha jimbo lolote jengine. Mtu akitoka Ohio na bastola yake kwenda arusini New York anaweza kulala rumande. Wapo wabunge wanaotaka vibali vitambuliwe nchi nzima. Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa namna hiyo Desemba 2017, ukakwama katika Baraza la Seneti, na mwaka 2025 ukarejeshwa tena kwa namba H.R. 38. Ukipita, jimbo linalotaka saa 16 litalazimika kumpokea mtu ambaye kwao hakutakiwa kusoma hata saa moja. Ndiyo maana ugomvi huu hautarajiwi kwisha karibuni.

Dini yetu inasemaje

Sasa tuje kwetu. Mtu asidhani kuwa Uislamu unamtaka Muislamu akae kama kondoo anayesubiri kuchinjwa. Kujilinda nafsi, familia na mali ni haki iliyothibiti. Katika hadithi ya Sa‘id bin Zayd (Radhiya Allahu ‘anhu), waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, Mtume (S.A.W) amemhesabu anayeuawa akitetea mali yake, nafsi yake, dini yake au ahli zake kuwa ni shahidi. Na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi‘i wameweka mlango maalumu wa kumzuia mshambulizi, akiwemo Imam Nawawi katika kitabu chake cha Minhaj.

Lakini uutazame mlango huo una nini ndani yake. Wamesema mshambulizi azuiliwe kwa njia nyepesi kwanza. Ikiwa anazuilika kwa maneno au kwa kuita watu, haifai kumpiga. Ikiwa anazuilika kwa mkono, haifai kumpiga kwa fimbo. Ikiwa anazuilika kwa kumjeruhi, haifai kumuua. Ngazi hizi mtu anatakiwa azipande katika sekunde mbili tatu, usiku, moyo ukimwenda mbio. Aliyejifunza huenda akaweza. Ambaye hakujifunza hufanya lile ambalo hofu inamwamrisha, na hofu si mufti.

Kisha tazama Mtume (S.A.W) alivyowafundisha Maswahaba adabu za silaha, kwani mafundisho yake hayakuacha kitu. Katika hadithi ya Abu Musa al-Ash‘ari iliyomo katika Bukhari na Muslim, aliamrisha kuwa anayepita na mishale msikitini au sokoni aishike kwenye vyembe, asije akamjeruhi Muislamu. Katika hadithi ya Jabir waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, alikataza kupeana upanga ukiwa nje ya ala yake. Na katika hadithi ya Abu Hurayra alikataza mtu kumuelekezea nduguye silaha, akabainisha kuwa hajui, huenda Shetani akauvuta mkono wake, naye akaangukia Motoni. Makatazo haya hayakusubiri mtu awe na nia mbaya. Yanamhusu mtu mwema, mwenye nia safi, ambaye mkono wake umeteleza.

Anayefundisha darasa la bastola leo humwambia mwanafunzi mambo yale yale: usimuelekezee mtu mtutu, usiweke kidole kwenye kifyatulio kabla ya wakati wake, ichukulie kila bastola kuwa ina risasi, usiitoe kwenye mfuko wake ila kwa haja.

Ipo na dalili nyengine iliyo karibu zaidi na suala letu. Abu Daud, Nasai na Ibn Majah wamepokea kuwa Mtume (S.A.W) amemhukumu anayejitia utabibu bila ya kujulikana kuwa na elimu hiyo kwamba atalipa madhara atakayoyaleta. Tabibu yule huenda alikusudia kuponya. Nia yake haikumuondolea dhima, kwa sababu aliingia katika jambo la hatari bila ya elimu yake. Tukikisia, anayebeba chombo cha kuua bila ya kujifunza, kisha risasi yake ikampata asiyekuwa na hatia, atasema nini mbele ya Allah? Qur-aan katika Suratun-Nisaa, aya ya 92, imewajibisha fidia na kafara kwa aliyeua kwa makosa, mpaka kufikia kufunga miezi miwili mfululizo kwa asiyepata mtumwa wa kumuacha huru. Hiyo ni hukumu ya aliyekosea. Basi itakuwaje kwa aliyekosea naye alikuwa na uwezo wa kujifunza akapuuza?

Na wale wanaosema kuwa darasa la mara moja latosha, tunawakumbusha hadithi ya ‘Uqba bin ‘Amir iliyomo katika Muslim, ambamo Mtume (S.A.W) amemkemea vikali aliyejifunza kulenga shabaha kisha akaacha. Ustadi huu usipofanyiwa mazoezi hupotea.

Kwa hayo tunaona kuwa mtawala anayemtaka mtu ajifunze kabla ya kubeba bastola baina ya watu hajamdhulumu. Amefanya lile ambalo kanuni ya kuondoa madhara inalitaka. Lakini akilifanya sharti hilo kuwa chambo cha pesa, au ukuta wa kuwazuia masikini na watu wa rangi fulani, hapo amedhulumu. Njia ya uadilifu ni darasa liwepo, liwe zuri, na lisiwe ghali kwa mnyonge. Anayedai kuwa njia pekee ya kuiondoa dhulma hiyo ni kuyaondoa mafunzo yenyewe anatibu kidole kwa kukata mkono.

Mafunzo yana mpaka wake

Hata hivyo hatutaki mtu aondoke hapa akidhani kuwa cheti cha darasa ni hirizi.

Tarehe 29 Desemba 2019 mtu mwenye bunduki aliwashambulia waumini wa kanisa moja katika mji wa White Settlement, Texas. Mlinzi wa kujitolea akamuangusha kwa risasi moja, na tukio zima halikufika sekunde kumi. Mlinzi huyo alikuwa mwalimu wa kulenga shabaha mwenye uzoefu wa miaka mingi. Pamoja na hayo waumini wawili waliuawa, na mmoja wao naye alikuwa akijaribu kuchomoa bastola yake. Kamati za misikiti zinazofikiria kuweka walinzi baada ya msiba wa Christchurch, New Zealand, walikouawa Waislamu 51 mwezi Machi 2019, zilitazame tukio hili kwa pande zake zote mbili.

Tarehe 6 Julai 2016 huko Minnesota, jimbo linalotaka mafunzo, askari alisimamisha gari la Philando Castile, kijana mweusi mfanyakazi wa skuli. Alikuwa na kibali halali. Alimwambia askari kwa upole kuwa ana silaha. Muda mfupi baadaye alipigwa risasi akafa mbele ya mchumba wake na mtoto wa miaka minne. Mwaka uliofuata baraza la mahakama lilimuona askari hana hatia. Wenye watoto weusi Marekani walizingatie hili vyema.

Na tarehe 10 Februari 2015, huko Chapel Hill, North Carolina, vijana watatu wa Kiislamu, Deah Barakat, mkewe Yusor Abu-Salha na shemeji yake Razan, waliuawa nyumbani kwao na jirani. Jirani huyo alikuwa na kibali cha kubeba silaha, katika jimbo ambalo kibali hakitoki bila darasa. Darasa lilimfundisha mkono wake. Moyo wake hakuna aliyeufundisha. Tunamuomba Allah Awarehemu vijana wale na Azipe subira familia zao.

Tena lipo jambo ambalo watu hawapendi kulitaja. Mwaka 2023 waliokufa kwa bunduki Marekani walizidi 46,000, na zaidi ya 27,000 kati yao walijiua wenyewe. Bastola iliyonunuliwa kwa ajili ya jambazi mara nyingi humkuta mwenye nyumba katika usiku wake wa huzuni, au mtoto aliyeiona chini ya mto akadhani ni mchezo.

Jibu letu kwa mama

Mama yetu mpendwa, umeuliza kama linafaa. Asili ya kumiliki silaha kwa ajili ya kujilinda ni halali pale ambapo sheria ya nchi inaruhusu, na kijana wako ameruhusiwa. Lakini kubeba bastola baina ya watu bila ya kujua kuitumia na bila ya kujua sheria zake hatuoni kuwa kunafaa, hata kama jimbo limenyamaza. Serikali kumsamehe mtu darasa hakumsamehe dhima yake mbele ya Allah.

Kwa hivyo ukizungumza naye, mwambie haya kwa upole. Aiweke bastola nyumbani, ndani ya kasha la chuma lenye kufuli, risasi mbali nayo, mpaka atakapojifunza. Ohio bado inatoa leseni kwa anayetaka, kwa darasa lile lile la saa 8, na leseni hiyo ina faida za kisheria tulizozieleza. Asome, apige mazoezi, arudie kila baada ya muda. Amuulize mwanasheria kuhusu karatasi zake kabla ya jambo lolote. Amshirikishe mkewe, maana naye ana haki ya kujua kilichomo ndani ya nyumba yake. Na akiwa na hasira, au dhiki iliyomlemea kifua, amkabidhi mtu mwaminifu silaha hiyo na atafute wa kuzungumza naye.

Kisha muulize swali moja la mwisho: je, hakuna njia nyepesi zaidi? Zamu ya mchana, kioo cha kuzuia risasi kaunta, kazi nyengine? Akikabiliwa na jambazi anayetaka pesa za tajiri wake, azitoe. Pesa hurudi. Tahadhari kabla ya hatari, na majuto ni mjukuu.

Tunamuomba Allah Awahifadhi watoto wetu walioko ugenini, Awarudishe kwetu salama, na Atujaalie tuwe ni wenye kujifunza kabla ya kutenda. Aamiin.

Na Allah Ndiye Ajuaye zaidi.